Usalama wa mawasiliano kati ya michakato saidizi ya mashine pepe

Usalama wa mawasiliano kati ya michakato saidizi ya mashine pepe ni jumla ya mbinu zinazolinda ujumbe, kumbukumbu na mafaili yanayopitishwa kati ya programu ndogondogo zinazoshirikiana kuendesha mashine pepe moja. Lengo lake ni kuhakikisha kwamba programu moja ikitekwa na mdukuzi, haiwezi kutumia mawasiliano yake na wenzake kuteka mashine nzima, mashine pepe za watu wengine, au kompyuta inayozibeba zote.

Suala hili ni sehemu ya usalama wa kompyuta. Lina uzito hasa katika vituo vya data na huduma za wingu, ambako seva moja inaweza kubeba kazi za benki, hospitali na chuo kwa wakati mmoja, na wenye kazi hizo hawajuani.

Istilahi

Mashine pepe ni kompyuta iliyoigizwa kwa programu. Ina kichakato, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, lakini vyote hivyo hutolewa na programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo wa uendeshaji unaofanya kazi ndani ya mashine pepe huitwa mgeni.

Mchakato ni programu ikiwa kazini. Mfumo wa uendeshaji huupa kila mchakato eneo lake la kumbukumbu na kuuzuia kugusa la mwingine. Kila mchakato pia huwa na utambulisho wa mtumiaji, yaani namba inayoonyesha unafanya kazi kwa niaba ya nani na una ruhusa gani.

Mchakato saidizi ni mchakato unaofanya sehemu moja tu ya kazi za mashine pepe, kwa mfano kuigiza kadi ya mtandao au kumfungulia mgeni folda fulani ya mwenyeji. Mchakato mkuu ndio unaoendesha vichakato vya mgeni na kuviunganisha visaidizi hivyo.

Historia

Mashine pepe zilianza katika kompyuta kubwa za kampuni ya IBM miaka ya 1960. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo kompyuta inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe vizuri. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni za ulinzi wa taarifa katika kompyuta. Mojawapo ni kanuni ya ruhusa ndogo kabisa: kila programu ipewe ruhusa zile tu inazohitaji kwa kazi yake.

Katika kompyuta za kawaida teknolojia hii ilienea baadaye. Mwaka 2003 ilitolewa programu ya QEMU iliyoanzishwa na Fabrice Bellard, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa Xen. Huduma ya EC2 ya Amazon, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilijengwa juu ya Xen, na sehemu kubwa ya kazi ya kuitengeneza ilifanyiwa Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2007 KVM iliingizwa rasmi katika kiini cha Linux. KVM hutumia uwezo wa kichakato halisi kuendesha msimbo wa mgeni, na QEMU huigiza vifaa vinavyobaki.

Mwanzoni QEMU ilikuwa mchakato mmoja kwa kila mashine pepe. Diski, mtandao, skrini na vifaa vya kizamani vyote viliigizwa ndani ya mchakato huo, kwa hiyo kosa dogo katika kifaa kimoja liliweza kufungua njia ya kufikia vyote.

Mfano unaojulikana sana ni dosari ya VENOM (CVE-2015-3456), iliyotangazwa tarehe 13 Mei 2015 baada ya kugunduliwa na Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike. Ilikuwa katika msimbo unaoigiza kidhibiti cha diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekitumia tena. Mgeni aliweza kutuma data nyingi kuliko nafasi iliyotengwa, data ikafurika na kuharibu kumbukumbu ya mchakato wa QEMU. Dosari hiyo ilikuwa imekaa humo tangu mwaka 2004, na iligusa mifumo ya Xen na KVM iliyotumia msimbo huo.

Wakati huo kazi ya kuhamisha vifaa kutoka ndani ya mchakato mkuu ilikuwa imeanza. Mwaka 2014 QEMU ilipata itifaki ya vhost-user, inayoruhusu kifaa kuigizwa na mchakato mwingine. Sababu ya kwanza ilikuwa kuongeza kasi ya mtandao, lakini utaratibu huo ulifungua pia njia ya kuimarisha usalama. Mwaka 2021 toleo la 6.0 la QEMU liliingiza kwa majaribio uwezo wa kuigiza vifaa vya PCI katika mchakato wa mbali.

Michakato saidizi ya kawaida

Katika mfumo wa QEMU na KVM, michakato saidizi inayokutwa mara nyingi ni hii:

- virtiofsd humwezesha mgeni kusoma na kuandika katika folda ya mwenyeji.
- swtpm huigiza TPM, yaani kifaa kinachotunza funguo za siri. Matumizi yake yaliongezeka baada ya Windows 11 ya mwaka 2021 kudai TPM 2.0.
- passt humpa mgeni mtandao bila kuhitaji ruhusa za msimamizi wa mwenyeji.
- Michakato ya vhost-user huigiza kadi za mtandao, diski, skrini na vifaa vya kuingizia data.
- libvirt si kisaidizi cha kifaa. Ni programu ya usimamizi inayowasha mashine pepe, kuzizima na kuzipangia ruhusa.

Njia za mawasiliano

Soketi za Unix ni njia ya kawaida kati ya michakato iliyo kwenye kompyuta moja. Soketi inaweza kuwa na jina katika mfumo wa mafaili, na hapo ruhusa za folda huamua nani anaweza kuifikia. Linux ina pia soketi zenye majina yasiyo katika mfumo wa mafaili. Hizo hazilindwi na ruhusa za folda, kwa hiyo zinahitaji ukaguzi wa aina nyingine.

Kupitia soketi ya Unix mchakato unaweza kutuma kishikio cha faili, yaani haki ya kutumia faili ambalo tayari limefunguliwa. Anayekipokea hutumia faili hilo hata kama yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulifungua.

Kumbukumbu ya pamoja hutumika pale ambapo data ni nyingi. Katika vhost-user, mchakato mkuu hutuma vishikio vya kumbukumbu ya mgeni, na kisaidizi huisoma na kuiandika moja kwa moja. Kasi yake ni kubwa, lakini kisaidizi hicho kwa kawaida huona kumbukumbu yote ya mgeni, zikiwemo nywila na funguo zilizomo.

D-Bus ni mfumo wa kupitisha ujumbe unaotumika sana katika Linux. Michakato mingi hujiunga na mpatanishi mmoja, na kila mmoja hujulikana kwa jina lake. Mpatanishi hufuata kanuni zinazosema nani anaweza kuchukua jina gani na kumtumia nani ujumbe.

QMP ni njia ya kuiamuru QEMU kwa ujumbe wa muundo wa JSON. Mwenye kuifikia anaweza kuongeza diski, kufungua mafaili na kuzima mashine. Kwa hiyo kumpa mtu soketi ya QMP ni sawa na kumpa ruhusa zote za mtumiaji anayeendesha QEMU.

Vitisho

Mgeni huchukuliwa kuwa si wa kuaminika. Mmiliki wake anaweza kuwa mtu mwema, lakini mashine yake inaweza kuwa imeingiliwa na mdukuzi. Kisaidizi kinachopokea data kutoka kwa mgeni kinaweza kutekwa, kwa hiyo nacho hakipaswi kuaminiwa na wenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa seva moja mjini Tanga inayobeba mashine pepe mbili, moja ya chuo na nyingine ya zahanati. Mdukuzi anaingia katika tovuti ya chuo, kisha anatumia dosari ya kadi ya mtandao kukiteka kisaidizi cha mtandao cha mashine ya chuo. Kuanzia hapo ana njia kadhaa:

1. Anaweza kuiandikia QEMU ujumbe wenye makosa ya makusudi, akitarajia kwamba QEMU itaupokea bila kuukagua.
2. Anaweza kujiunga na D-Bus na kuchukua jina la kisaidizi kingine, ili ujumbe uliokusudiwa kwa kisaidizi hicho umfikie yeye.
3. Anaweza kumtumia kisaidizi mwenye ruhusa kubwa kama mjumbe, kwa kumwomba afungue faili ambalo yeye mwenyewe amekatazwa. Norm Hardy aliieleza hatari ya aina hii mwaka 1988.
4. Anaweza kutafuta soketi za mashine ya zahanati. Kama michakato ya mashine zote mbili inatumia utambulisho mmoja wa mtumiaji na hakuna kizuizi kingine, ruhusa za mafaili hazitamzuia.
5. Anaweza kubadilisha data iliyo katika kumbukumbu ya pamoja baada ya kukaguliwa lakini kabla ya kutumiwa.

Hatari ya tatu si ya nadharia tu. Dosari CVE-2020-35517 ya virtiofsd ilimruhusu mgeni mwenye mamlaka ya msimamizi ndani ya mashine yake kuunda faili maalumu la kifaa katika folda ya pamoja, kisha kulitumia kufikia vifaa vya mwenyeji. Kisaidizi kilikuwa na ruhusa kubwa, na mgeni akaitumia ruhusa hiyo.

Mbinu za ulinzi

Kumtambua anayezungumza

Kiini cha Linux kinaweza kuujulisha mchakato namba ya mtumiaji, kundi na mchakato ulio upande wa pili wa soketi ya Unix. Taarifa hiyo hutolewa na kiini chenyewe, kwa hiyo mchakato hauwezi kujitangazia utambulisho wa mtumiaji usio na ruhusa ya kuutumia. D-Bus hutumia utaratibu huu kuwatambua wanaojiunga.

Kukabidhi njia badala ya kuitangaza

Programu ya usimamizi inaweza kuunda jozi ya soketi zilizokwisha kuunganishwa, ikaipa QEMU ncha moja na kisaidizi ncha ya pili. Njia hiyo haina jina, hivyo mchakato wa tatu hana pa kugonga hodi. Vivyo hivyo, programu hiyo inaweza kufungua faili la diski na kukabidhi kishikio chake tu, badala ya kumpa kisaidizi ruhusa ya folda nzima.

Lebo za usalama

Mwaka 2009 libvirt ilipata sVirt, utaratibu unaotumia SELinux kuipa kila mashine pepe lebo yake. Lebo hiyo huwa na jozi ya namba zinazochaguliwa kati ya makundi 1,024, jambo linaloruhusu jozi tofauti 523,776. Mafaili ya mashine hupewa lebo ileile. Mchakato wa mashine ya chuo hauwezi kugusa diski ya zahanati hata kama zote mbili zinatumia utambulisho mmoja wa mtumiaji, kwa sababu kiini hulinganisha lebo kabla ya kuruhusu. Ubuntu hutumia AppArmor kwa kazi inayofanana na hiyo.

Kupunguza maombi kwa kiini

Seccomp ni uwezo wa Linux unaoruhusu mchakato kujinyima maombi usiyoyahitaji kwa kiini. Uwezo wa kuchuja maombi moja moja uliingia katika Linux 3.5 mwaka 2012. Kisaidizi kikishamaliza maandalizi yake hakihitaji tena kuwasha programu nyingine, na kichujio kinaweza kukizuia kabisa. passt hutumia kichujio cha aina hii na huacha ruhusa maalumu mapema.

Kukagua kila ujumbe

Kila upande unapaswa kupima urefu, aina na mpangilio wa ujumbe kabla ya kuufanyia kazi. Data iliyo katika kumbukumbu ya pamoja hunakiliwa kwanza mahali pa faragha, ikakaguliwa hapo, kisha nakala hiyohiyo ndiyo itumike. Tangu Linux 3.17 ya mwaka 2014 inawezekana pia kulipiga muhuri eneo la kumbukumbu ili mwenzake asilipunguze ukubwa ghafla na kuuangusha mchakato unaolisoma.

Lugha ya programu

Dosari nyingi za kufurika kwa data hutokana na lugha ya C kutokagua mipaka ya kumbukumbu yenyewe. Kwa sababu hiyo visaidizi vipya vingi huandikwa kwa Rust. virtiofsd iliandikwa upya kwa lugha hiyo, na toleo lake la C liliondolewa katika QEMU 8.0 mwaka 2023. Hata hivyo, lugha haizuii kosa la kutoa ruhusa isiyostahili.

Ngazi za utenganisho

Nguvu ya ulinzi hutegemea jinsi michakato inavyotofautishwa na kiini.

Ngazi ya chini ni pale ambapo michakato yote ina mtumiaji mmoja na lebo moja. Hapa kanuni za D-Bus zina faida ndogo. Mpatanishi hana njia ya maana ya kuwatofautisha, na mara nyingi mchakato mmoja unaweza kusoma mafaili ya mwenzake au hata kuingilia kumbukumbu yake bila kupitia D-Bus. Kugawanya programu kwa namna hii hupunguza madhara ya ajali, kwa mfano kisaidizi kimoja kuanguka, lakini hakumzuii mdukuzi.

Ngazi ya kati ni pale ambapo mtumiaji ni mmoja lakini lebo ni tofauti. Kiini kinaweza kukataa mawasiliano yasiyopangwa, mradi kanuni za lebo zimeandikwa kwa uangalifu.

Ngazi ya juu zaidi ni kila kisaidizi kuwa na mtumiaji wake na lebo yake. Gharama yake ni usimamizi mgumu zaidi: kila soketi, faili na eneo la kumbukumbu ya pamoja lazima lipewe ruhusa yake mahususi.

Katika ngazi zote inashauriwa kila mashine pepe iwe na mpatanishi wake wa D-Bus wa faragha. Kuunganisha visaidizi vya mashine mbalimbali, au kutumia mpatanishi mkuu wa mwenyeji, huongeza idadi ya michakato inayoweza kushambuliwa.

Uhamishaji wa mashine pepe

Mashine pepe inaweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine ikiendelea kufanya kazi. Kisaidizi chenye hali yake ya ndani lazima nacho kihamishwe, la sivyo mgeni atafika na kukuta kifaa kimesahau kilipofikia. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2020, QEMU inaweza kukusanya hali hiyo kupitia D-Bus: huviomba visaidizi viihifadhi, huisafirisha pamoja na hali ya mashine, kisha hukabidhi sehemu husika kwa visaidizi vya upande wa pili.

Hapa QEMU inaweza kupewa orodha ya vitambulisho vya visaidizi vinavyotarajiwa. Data inayopokelewa haipaswi kuaminiwa kwa sababu tu imetoka kwa seva nyingine ya taasisi ileile. Inapopita kwenye mtandao hulindwa kwa TLS, ili isisomwe njiani na ili kila seva ithibitishe utambulisho wa mwenzake. Hali ya swtpm inaweza kusimbwa kwa ufunguo inapohifadhiwa, kwa kuwa ndani yake huwa na siri za mgeni.

Mifumo mingine

Xen inaweza kuweka madereva ya vifaa ndani ya mashine pepe ndogo badala ya mchakato wa kawaida. Qubes OS, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2012, ilitumia wazo hilo kwa kompyuta za watu binafsi: mtandao na kazi mbalimbali huwekwa katika mashine tofauti.

crosvm ya Google huendesha vifaa vingi katika michakato tofauti iliyofungiwa. Firecracker, iliyotolewa na Amazon mwaka 2018, ilichukua njia nyingine. Imepunguza sana idadi ya vifaa vinavyoigizwa, na mchakato wake hufungiwa na programu nyingine kabla ya kuanza kazi.

Katika VirtualBox, inayotumiwa sana na wanafunzi, kila mashine pepe huwa na mchakato wake, na mchakato wa VBoxSVC huratibu taarifa zake. Kwenye Windows huwasiliana kwa COM, na kwenye mifumo mingine kwa XPCOM.

Mipaka

Kutenganisha michakato hakuondoi hatari zote. Dosari ya kiini cha mwenyeji inaweza kuvunja kuta zote kwa pamoja, kwa sababu kiini ndicho kinacholinda mipaka. Programu ya usimamizi nayo ina ruhusa kubwa, hivyo kuiteka ni sawa na kuteka mashine zote. Pia kila njia mpya ya mawasiliano huongeza msimbo unaopaswa kukaguliwa. Kisaidizi kinachowasiliana na wenzake bila ukaguzi kinaweza kuongeza milango kuliko kilichopunguza.

Afrika ya Mashariki

Nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010), zinazofika Dar es Salaam na Mombasa, ziliongeza uwezo wa intaneti ya kanda hii na kurahisisha huduma za wingu. Nchini Tanzania, kituo cha taifa cha kuhifadhi data (NIDC) kiko Kijitonyama, Dar es Salaam, chini ya TTCL. Mifumo ya taasisi za umma husimamiwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA).

Sheria zimeufanya utenganisho wa data kuwa wajibu na si suala la ufundi pekee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaotunza taarifa za watu kuzilinda. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za aina hiyo mwaka 2019. Sheria hizo hazitaji soketi wala D-Bus. Hata hivyo, taasisi inayoweka taarifa za wagonjwa au wateja katika mashine pepe hutegemea mipaka hiyo ili jirani yake kwenye seva asizifikie.

Tazama pia

- Mashine pepe
- Mfumo wa uendeshaji
- Linux
- Usalama wa kompyuta
- Usimbaji fiche
- Kituo cha data